Uzito kwenye mitego midogo ya kaa ya kutumia na kayaki: mwongozo kamili kwa tunaovua Puget Sound

Ule mtego mdogo wa waya wa kukunja, futi 2 kwa futi 2, unaouzwa karibu kila duka la vifaa vya uvuvi huku jimbo la Washington, Marekani, iliko hii Puget Sound yetu, ukiutoa kwenye boksi una kama kilo 3 hivi. Ukiuzamisha hivyo hivyo, maji yakianza kukimbia unaanza kutembea, unaburuzika polepole mpaka unafika penye kina kirefu kuliko kamba yako, boya linavutwa chini, na hapo ndo kwaheri mtego na kaa waliomo. Wenye boti za injini dawa yao rahisi, wanafunga mavyuma mpaka mtego unafika kilo 12, 15, manake wana mashine ya kuvutia kamba. Sisi wa kayaki kila kilo tunayoongeza tunaibeba mara mbili, kwanza juu ya chombo chembamba kinachoyumba, halafu kwa mikono mitupu kutoka mita 15 chini huku umekaa chini na huna pa kukanyagia.

Kwa hiyo kinachotafutwa hapa ni uzito mdogo kabisa unaotosha. Na ili upate huo inabidi uanze na kamba na maji, chuma kije mwisho. Watu wengi wanaanza na chuma, ndo maana wanaishia na mtego unaowavunja mgongo na bado unahama.

Kinachouhamisha mtego ni kamba

Mtego wenyewe uko chini kabisa, na karibu na mchanga mkondo huwa mdogo kuliko juu. Kinachopigwa na maji kutoka juu mpaka chini ni kamba, na juu yake boya. Chukua mfano wa kamba ya milimita 6 yenye urefu wa mita 20. Mkondo wa noti 1 (kama kilomita 2 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka hata kidogo) ukiipiga yote ubavuni inavutwa kwa nguvu ya karibu kilo moja na nusu. Mkondo ukifika noti 2 nguvu hiyo haiwi mara mbili, inakuwa mara nne, yaani kama kilo 6 hivi. Kwa kweli kamba inalala kidogo na mkondo kwa hiyo inapungua, lakini picha umeipata. Sasa mtego wa kilo 5 uliokaa kwenye mchanga haushiki kwa kilo zote 5, unashika kwa sehemu tu ya uzito wake, na ile kamba inayovuta kwenda juu inaupunguzia tena. Noti 1 unakaa, noti 2 unaondoka. Na kuusimamisha kwenye noti 2 kwa chuma peke yake utahitaji chuma ambacho hupaswi kubeba kwenye kayaki.

Hapo ndo unaona faida ya kupunguza kamba. Kamba ya milimita 9 ambayo wenye boti wanapenda kwa sababu haikati mikono, inapigwa na maji mara moja na nusu ya ile ya 6. Tumia ya 6, vaa glavu. Nyembamba zaidi ya hapo inashika maji kidogo kweli lakini inauma vidole na inafanya mafundo ya ajabu ndani ya ndoo, mimi siipendi.

Aina ya kamba nayo ina maana. Ile ya plastiki ya bei rahisi, ya njano au ya bluu, inaelea. Sheria ya Washington inataka kamba ya mtego iwe na uzito wa kutosha isielee juu ya maji, na sheria hiyo ina akili sana, manake kamba inayoelea ndo inaingia kwenye mapanga ya injini za watu. Nunua ya nailoni au ya poliesta, hizo zinazama zenyewe, au ile yenye risasi (ile metali nzito) ndani yake kama mfuko unaruhusu. Kama tayari unayo inayoelea, funga chubwi ya gramu 100 mpaka 200 kwenye kamba, mita 2 au 3 chini ya boya. Si lazima iwe risasi, nati kubwa mbili tatu za chuma zinafanya kazi hiyo hiyo. Chubwi hiyo pia inaifanya kamba isimame wima maji yakitulia badala ya kutambaa juu.

Urefu: kina cha maji, ongeza thuluthi. Ila hesabu kina vizuri, hapa ndo wengi wanateleza. Kina kinachoandikwa kwenye ramani ya bahari ni cha maji yakiwa yamepwa, na Puget Sound maji ya bamvua yanaweza kupanda karibu mita 4 juu ya hapo. Ramani ikikwambia mita 12, maji yakijaa unaweza kuwa na 16, ongeza thuluthi unapata mita 21 na kidogo. Ukifunga mita 15 kwa sababu ulipima maji yakiwa yamepwa, boya litanyanyua mtego wako maji yakijaa na hakuna chuma cha kukusaidia. Lakini usifunge mita 40 "kwa usalama", kamba ya ziada yote ni tanga la mkondo. Mimi nakata kamba moja ya mita 20 na kipande cha mita 8 chenye kitanzi pembeni, nikikuta kina zaidi naunganisha.

Boya nalo lisiwe kubwa kupita kiasi, ila liwe na nguvu ya kubaki juu mkondo ukivuta, manake sheria inataka lionekane juu ya maji wakati wote, isipokuwa maji yakiwa makali kupita kiasi. Nusu liwe jekundu la kuwaka, nusu jeupe, na juu yake uandike jina lako la kwanza na la mwisho na anwani yako ya posta kwa wino usiofutika. Jina la mtu mmoja tu kwa kila boya.

Chagua maji kabla ya kuchagua chuma

Maji ya hapa yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku kama kwetu pwani, ila hayalingani, kuna kupwa kukubwa na kupwa kudogo siku moja. Angalia jedwali la mikondo, siyo la kujaa na kupwa tu. Wakati mzuri wa kuweka mitego ya kayaki ni lisaa kabla maji hayajasimama, uvue kwenye utulivu, utoe kabla hayajashika kasi upande wa pili. Siku za maji mafu utulivu unakuwa mrefu na mtego wa kilo 5 unakaa raha mustarehe. Siku za bamvua ambapo mkondo unakimbia, ama utafute ghuba iliyojificha ama ukae nyumbani.

Kuna sehemu haziongeleki kabisa. Deception Pass maji yanafika noti 8, Tacoma Narrows yanafika noti 4 au 5, huko hata kayaki yenyewe usiipeleke kwa shughuli ya mitego. Njia za feri za serikali pia achana nazo, feri haiwezi kukukwepa na boya lako likiingia kwenye panga lake umeharibu mambo ya watu mia kadhaa. Tafuta chini penye mchanga au mchanga wenye tope, pembeni ya nyasi za bahari, mita 10 mpaka 20. Ndani ya nyasi zenyewe usizamishe, vyuma vya mtego vinazing'oa na hizo ndo nyumba za kaa wadogo.

Kilo unayobeba na kilo inayofanya kazi

Haya, tuje kwenye chuma. Kitu chochote ukikiweka majini kinapungua uzito, na kinachopungua kinategemea ni kitu gani. Kwa mtu wa boti ni habari ndogo, kwa wa kayaki ndo kila kitu, manake unabeba kilo za juu lakini mtego unashikwa na kilo za chini.

Zege la kilo 5 likifika majini linabaki na chini ya kilo 3. Jiwe la kawaida la kilo 5 linabaki na kama 3 na robo hivi likiwa lile gumu, au linabaki na 3 tu. Chuma cha kilo 5 kinabaki na 4 na zaidi ya robo. Risasi inabaki na 4 na nusu. Umeona? Yule anayefunga tofali la zege amebeba kilo mbili za bure, tena kubwa, inayochukua nafasi yote ya nyuma ya kiti.

Risasi ni nzuri kwa mizani lakini ni sumu, na hapa tunaongelea kitu unachokishika kwa mikono yenye maji kisha unashika chakula. Kama umepata zile chubwi za wapiga mbizi zilizofunikwa plastiki yote haijachanika, sawa, tumia. Risasi tupu usiyeyushe nyumbani, moshi wake unabaki kwenye damu za watoto, naomba sana.

Mnyororo ni mzuri, unajikunja popote, ila unagongagonga na kusaga ile rangi ya plastiki ya waya wa mtego. Kama unatumia mnyororo uingize ndani ya kipande cha mpira wa kumwagilia maji. Hii ndo njia ninayowashauri wenye kayaki za kujaza upepo, manake ncha ya nondo na kayaki ya upepo havifai kukaa pamoja.

Kwa wengine wote, nondo. Ya nusu inchi, ile ile ya ujenzi. Ina karibu kilo 1 kwa kila mita, hesabu yake haina usumbufu, bei ndogo, na umbo lake refu linakaa chini kabisa ya mtego ambako ndo uzito unatakiwa.

Kufunga nondo hatua kwa hatua

Pima mtego wako mtupu kwanza, na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari inatosha. Usiamini kilichoandikwa kwenye boksi. Lengo lako ni jumla ya kilo 5 hadi 5 na nusu kwa ghuba zilizotulia, na kilo 6 na nusu ndo mwisho kwa sehemu zenye mkondo wa wastani. Zaidi ya hapo mimi nasema badilisha sehemu.

Tuseme mtego una kilo 3. Kila upande wa kitako ni sentimita 60, ukikata vipande vinne vya sentimita 55 una mita 2.2 za nondo, yaani kilo 2.2. Jumla 5.2, umefika. Ukitaka ule mzito zaidi chukua nondo ya inchi tano juu ya nane badala ya nusu inchi, hiyo ina kilo moja na nusu kwa mita, vipande hivyo hivyo vinne vitakupa kilo 3.4 na jumla inakuwa 6.4. Maduka makubwa ya hadweya yana vipande vya futi 2 vilivyokatwa tayari, hivyo ni sentimita 61, unaweza kupunguza ncha kwa msumeno wa chuma au ukawaomba wakukatie. Msumeno wa mkono unatosha, grinda si lazima.

Baada ya kukata, ncha zina makali. Zipige tupa mpaka ukipitisha kidole hakuna kinachokwaruza. Kisha sugua kutu kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu mikono miwili, na uache ikauke vizuri, siyo usiku mmoja, wiki. Kaa anatafuta chakula kwa harufu na mtego unaonuka tina unaanza vibaya. Kwa sababu hiyo hiyo usihifadhi nondo karibu na dumu la petroli la mashine ya kukatia majani.

Sasa kabla ya kufunga kuna jambo dogo ambalo linaokoa mtego wako miaka. Waya wa mitego mingi umepakwa zinki, na wengine umefunikwa plastiki juu. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya chumvi moja inaliwa na nyingine, na zinki ndo inayoliwa. Nondo tupu ikigusa waya kila siku, utakuta sehemu ile ile waya umekuwa mwembamba kama uzi na siku moja kitako kinadondoka. Risasi na chuma kisichoshika kutu ni wabaya zaidi. Dawa yake ni tyubu ya zamani ya baiskeli. Kata vipande virefu kidogo kuliko nondo, vivishe nondo nzima kama soksi, ziba ncha kwa kukunja na kufunga. Tyubu ya baiskeli ya matairi mapana inaingia nondo ya nusu inchi bila shida, paka maji ya sabuni kidogo itateleza. Ukivisha hivyo umeua ndege watatu kwa jiwe moja, haigusi waya, haigongi, na haikwaruzi plastiki ya kayaki kwa zile mbavu zake.

Nondo zikae wapi? Chini ya kitako, kwa nje, kwenye kingo zote nne. Siyo ndani. Ukiweka ndani mtego haukunjiki vizuri na kaa wanajibanza pembeni yake ukashindwa kuwatoa. Zikiwa nje chini, zinazama kidogo kwenye mchanga na kuushika, zinazuia waya usisagike, na mtego unabaki na kitako kizito kichwa chepesi. Mtego wenye kitako kizito ukidondoka vibaya unajigeuza wenyewe. Gawanya sawa pande zote, ukiweka nondo mbili upande mmoja mtego utashuka umeinama na utatua kwa ubavu.

Funga kila nondo kwa zipu tai nne, nene, milimita 7 au zaidi, mbili karibu na ncha na mbili katikati. Kaza, kata mkia, halafu geuza kichwa cha zipu kiangalie ndani kisichane mkono. Juu yake mimi naongeza uzi wa nailoni kwenye ncha mbili, mizunguko mitatu na fundo, ili zipu tai ikikatika nondo isidondoke. Waya wa kufungia nondo wa mafundi usitumie, unaliwa na chumvi msimu mmoja.

Kisha kamba za kuning'inizia. Funga kamba nne fupi kutoka pembe nne za juu, zote urefu sawa, zikutane kwenye pete moja katikati, na kamba kuu iungwe hapo. Ning'iniza mtego kwenye tawi la mti au mlangoni uone. Ukining'inia sambamba umepata, ukiinama rekebisha kamba, usirekebishe kwa kuongeza chuma. Hii ndo itakayoamua kama mtego unatua kwa kitako ama kwa kichwa.

Usizibe njia za kutokea

Hapa naomba usome taratibu. Mtego wa waya Washington lazima uwe na pete mbili za kutorokea, kipenyo cha ndani si chini ya inchi 4 na robo, na ziwe nusu ya juu ya mtego. Na lazima uwe na uzi wa pamba tupu au wa nyuzi nyingine za asili, usiopakwa dawa, unene usiozidi moja juu ya nane ya inchi, unaofunga mfuniko au mlango, ili mtego ukipotea uzi uoze na kaa watoke. Northwest Straits Foundation, wale wanaoitoa mitego iliyopotea chini ya bahari, wanakadiria mitego kama 12,000 inapotea Puget Sound kila mwaka. Mtego uliopotea ukiwa umefungwa unaendelea kuua, kaa anaingia, anakufa, anakuwa chambo cha mwenzake.

Hilo linahusu uzito moja kwa moja. Ukifunga nondo au mnyororo kwenye mfuniko, uzi hata ukioza mfuniko haufunguki, umebanwa. Mtego ukipinduka kwa sababu uzito uko juu, pete zinaelekea kwenye tope na mfuniko unalaliwa. Ukimaliza kufunga kila kitu, kata ule uzi wa pamba kwa makusudi, sogeza mtego kidogo tu na uone mfuniko unaachia wenyewe bila kusaidiwa. Usipoachia kuna kitu umekifunga vibaya. Halafu weka uzi mpya.

Upime kabla ya kuuamini

Nenda ufukweni maji ya kiunoni, mchanga ule ule kama wa unakovua. Weka mtego chini, funga mizani kwenye kamba, vuta ukiwa mbali kidogo, kamba ikiwa imelala, mpaka mtego uteleze. Soma namba. Jaribu bila nondo, jaribu na nondo, utaona tofauti kwa macho yako, tena utaona kwenye tope inashika vingine na kwenye kokoto vingine kabisa. Kwenye kokoto na mawe bapa mtego unateleza ovyo, ndo maana nilisema tafuta mchanga.

Siku ya kwanza majini weka alama kwenye simu pale unapouzamisha, na uchukue pia alama za nchi kavu kama wavuvi wetu wanavyofanya, kitu cha karibu kikae mstari mmoja na kitu cha mbali, pande mbili. Simu inaweza kulowa, ile nyumba na mlingoti haviendi popote. Ukirudi, kumbuka boya lina nafasi ya kuzunguka kwa sababu ya ile kamba ya ziada, kwa hiyo linganisha pale kamba inaposimama wima unapoanza kuvuta. Mtego umehama mita 5, si neno. Umehama mita 30, kwanza punguza unene wa kamba au badilisha saa, halafu ndo ufikirie nondo kubwa.

Kupakia

Mitego miwili ndo mwisho wa sheria kwa mtu mmoja, na kwa kayaki nayo ni mwisho wa busara. Miwili ya kilo 5 na nusu ni kilo 11, ongeza kamba, chambo, ndoo, na wakati wa kurudi kaa 5 wakubwa ambao ni kilo 4 au 5. Toa hesabu hiyo yote pamoja na mwili wako kwenye uzito ambao kayaki yako imeandikiwa, na ukikuta umefika karibu na mwisho beba mtego mmoja.

Ikunje, iweke nyuma ya kiti ikiwa imelala, mmoja juu ya mwingine, nondo chini. Usiisimamishe, uzito ukipanda juu kayaki inakuwa na kichwa cha mlevi. Tandika kipande cha mkeka wa mazoezi chini yake. Funga kwa kamba za mpira zinazoachia haraka. Kamba ya kila mtego iwe kwenye ndoo yake, imeingia yenyewe kwa kuimwaga, usiizungushe mkononi, ikizungushwa mkononi inatoka na mafundo.

Laifujaketi ivaliwe, isikae imefungwa nyuma. Maji haya hata mwezi wa nane yana nyuzi 10 mpaka 13 hivi sehemu nyingi, ukidondoka pumzi inakatika kabla hujafikiri. Vaa wetisuti au zaidi. Na kisu kikae kifuani kwenye jaketi, mahali mkono wowote unafika.

Kushusha na kuvuta

Kushusha: usitupe. Mtego ukitupwa unageuka hewani, na wa waya unaweza kushuka kama jani. Uweke majini taratibu ubavuni mwa kayaki, uache ujae maji, kisha achia kamba mkono kwa mkono mpaka uisikie imegusa chini. Inua nusu mita, shusha tena. Ukiisikia imekaa bapa kuna kishindo fulani kizito kinachopanda kwenye kamba, ukitua kwa pembe unasikia inayumba halafu inaanguka. Baada ya mara kadhaa mkono utajua. Miguu iwe mbali na kamba muda wote.

Kuvuta ndo kazi. Mkaribie boya ukitokea chini ya mkondo, pua ya kayaki inaangalia mkondo unakotoka. Kafi ifungwe na kamba yake. Shika boya, vuta kamba iliyolegea polepole, kayaki itasogea yenyewe mpaka iwe juu ya mtego na kamba isimame wima. Usianze kuinua kabla haijasimama wima, ukivuta kwa mshazari unaburuza mtego na unajivuta ubavu. Kamba ipite karibu na goti lako, kichwa na kifua vibaki katikati ya kayaki. Ukitaka kuchungulia chini ya maji, usichungulie. Vuta kwa mgongo ulionyooka, mivuto mirefu, kamba idondokee kwenye ndoo.

Mtego ukigoma umezama kwenye tope. Kaza kamba, ishikilie tu, subiri wimbi dogo linyanyue kayaki, tope litaachia. Usifunge kamba kwenye kayaki ili upumzike mkondo ukiwa unakimbia, hasa siyo ubavuni, hapo ndo kayaki inavutwa ikapinduka. Usipotoka, achia kamba, rudi maji yakisimama.

Ukifika juu uache nusu yake majini kwa muda, maji yachuruzike na tope litoke. Kisha utelezeshe ukiwa bapa juu ya mapaja yaliyofunikwa mkeka, kitako kwanza. Pima kaa hapo hapo na kile kipimo maalum: Dungeness (ile aina ya kaa wakubwa tunaowavua huku) dume tu, ganda gumu, inchi 6 na robo mbele kidogo ya zile ncha za pembeni, na 5 kwa siku ndo mwisho. Jike ana tumbo pana la mviringo, arudi majini sasa hivi, kwa upole, siyo kwa kurushwa. Unayemchukua mwandike kwenye kadi yako ya kuandikia kaa kabla hujaendelea na mtego wa pili. Leseni na ile ruhusa ya kaa wa Puget Sound uwe nayo, na kila eneo lina siku zake, kawaida kiangazi ni Alhamisi mpaka Jumatatu, maeneo mengine yanafungwa msimu mzima, kwa hiyo angalia tangazo la Idara ya Samaki na Wanyamapori la mwaka huo huo. Siku zilizofungwa mtego usiwe majini. Na kuanzia lisaa limoja baada ya jua kuzama mpaka lisaa kabla halijachomoza hairuhusiwi kuweka wala kuvuta mitego kutoka kwenye chombo.

Ukirudi nyumbani

Suuza kila kitu kwa maji baridi, hasa pale nondo inapokutana na waya, chumvi inajificha ndani ya tyubu. Vuta kila zipu tai kwa vidole. Uzi wa pamba badilisha kila mwanzo wa msimu hata kama unaonekana mzima, ila usiwahi kuweka wa nailoni mahali pake. Mtego usiuanike juani wiki nzima, jua ndo linakausha zipu tai zinakuwa kama biskuti, na ukinunua nunua nyeusi, zile nyeupe zinakatika mapema sana.